Pumzi Chumbani kwa Bi Otilia

Vioo vya nyumba yoyote ya Chonchi, mji wa kisiwani kusini kabisa mwa dunia, hutoka jasho wakati wa baridi, na hakuna anayekosa usingizi kwa hilo. Watu wanapumua, birika linachemka juu ya jiko la kuni kutwa nzima, nguo zinaanikwa juu ya jiko hilohilo kwa kuwa mvua ya nje haina mpango wa kukatika, na mvuke wote huo unakwenda kukaa dirishani. Nolfa Barría aliyajua hayo tangu utotoni. Kilichomsimamisha asubuhi ile, tambara mkononi, ni kwamba kioo kilicholowa kuliko vyote kilikuwa cha chumba cha mama mkwe wake, ambamo hakuna mtu aliyelala tangu Bi Otilia azikwe.

Alikifuta. Kabla hajamaliza kulikamua tambara, kilikuwa kimelowa tena.

"Beto," alimwambia mumewe jikoni, "mle ndani nani anapumua?"

Heriberto alikuwa ananyonya kwa mrija, taratibu, ile chai chungu ya majani waiitayo mate, miguu karibu na jiko. "Panya."

"Panya gani analowesha dirisha zima?"

"Ni baridi tu, Nolfa. Inapenya mahali. Nitaongeza magazeti."

Magazeti ndiyo yaliyokuwa dini ya ukoo ule. Kila mwaka, baridi ikikaribia, Bi Otilia alikuwa akiyakunja membamba na kuyashindilia kwa kisu cha jikoni katika kila ufa wa kila dirisha, na madirisha hayakufunguliwa tena mpaka msimu wa viazi vipya. Kwa maoni yake upepo unaopenya ndani ya nyumba ulikuwa umeua watu wengi kuliko bahari. Safari hii Beto alifanya kazi hiyo peke yake, akilia, siku ya pili baada ya mazishi, huku majirani wakiwa bado wanakuja jioni kusali zile siku tisa za marehemu. Aliziba hadi tundu la ufunguo.

Nolfa asingejali dirisha wala panya kama si Rayén. Binti yao alikuwa na miezi minane, na tangu nyumba izibwe alikuwa na kikohozi kisichosikia dawa. Akipelekwa zahanati, anapumua vizuri hadi nesi anamshangaa mama. Akirudishwa nyumbani, kifua kinabana. Tena midomo ilimkauka hadi ikapasuka, mtoto wa kunyonya, ndani ya nyumba ambayo hata kuta zilikuwa zinachuruzika.

Mchana mmoja mvua iligeuza dunia giza. Nolfa alikuwa anageuza milcao, vile vikate vya viazi, kwenye kikaango aliposikia kitu kikivuta hewa nyuma ya mlango wa Bi Otilia. Akasogeza kikaango pembeni, akasikiliza. Rayén alipotoa pumzi kwenye kitanda chake, chumba kile kilivuta. Rayén alipovuta kwa shida, chumba kilinyamaza, kikangoja. Akaufungua mlango, na harufu ya sufu mbichi iliyosahaulika ndani ya gunia ikamjaa puani, na pale dirishani, kwenye kioo kilichofunikwa na matone, akaona mstari mkavu wenye upana wa ulimi ukipanda kutoka chini, polepole, bila haraka yoyote, ukiyakusanya matone njiani, na ulipofika juu ukarudi chini ukaanza mstari mwingine, na kila ulipopanda, kule nyuma yake mtoto alikohoa.

"Funga mlango, mwanangu," ikasema sauti ya Bi Otilia. "Baridi."

Nolfa alirudi nyuma hatua moja. Lakini hata katika hofu ile kitu kimoja kilimkaa vibaya. Miaka sita ya ndoa, Bi Otilia hakuwahi kumwita mwanangu hata kwa bahati mbaya. Alikuwa akimwita yule mwanamke wa Beto.

Akaubamiza mlango, akambeba mtoto, akaenda kumwita Bi Celinda, mama wa mtaani anayewaombea watoto waliopigwa jicho la husuda.

Bi Celinda alikuja na tawi lake la rozimari, akaishia kizingitini mwa chumba kile.

"Mimi namfukuza, sawa," alinong'ona. "Atokee wapi? Hamkuacha hata ufa."

"Ni mama?" aliuliza Beto.

"Mama yako ameshafika anakokwenda. Huyu alifuata machozi. Vitu hivi huingia kwenye msiba, vikapita, vikatoka. Nyie mlifunga kabla siku tisa hazijaisha, mkamfungia humo. Sasa anakula pumzi, na pumzi laini ni ya mtoto. Huyu hakai penye hewa inayopita, kwa hiyo fungueni wenyewe, msinisubiri mimi."

Kesho yake mvua ilikatika, upepo wa kusini ukaleta barafu nyeupe juu ya majani. Nolfa akaliondoa birika juu ya jiko. Akakusanya nguo zote mbichi, akazitupa kibarazani. Akachukua kisu cha Bi Otilia.

Beto akamzuia mlangoni. "Nje barafu. Utaniulia mtoto."

"Anakufa sasa hivi, Beto, ndani ya joto lako." Akamviringishia Rayén blanketi mbili za sufu, akampa baba yake ampakate. "Mkumbatie. Mtoto anapashwa na watu."

Alianzia jikoni, akifumua magazeti na kufungua dirisha moja baada ya jingine, na alipofika chumba kile sauti ilikuwa inalia. Mwanangu, nionee huruma. Mwanangu, nje nitaganda. Dirisha lilikuwa limevimba, likagoma, na kitu chenye ubaridi wa samaki kikamshika kifundo cha mkono.

"Mimi si mwanao," alisema Nolfa. "Na hii si nyumba yako. Toka."

Akaipiga fremu kwa gogo la kuni. Dirisha likafunguka, upepo ukaingia jikoni ukatokea huku, mapazia yote yakaelekea nje, na uzito uliolowa ukampita juu ya bega ukiacha utelezi shingoni. Kioo kikakauka mbele ya macho yake. Kule jikoni Rayén akalia, kilio kipana cha kifua kizima, na Beto naye akalia kwa furaha bila kuficha.

Tangu siku hiyo kila asubuhi nyumba ile hufunguliwa pande zote mbili, chai ya mate ikinywewa upepo ukipita, kisha hufungwa na jiko hukolezwa. Nguo hukaukia kibarazani zikitaka, na birika likishachemka huondolewa. Majirani wanasema Nolfa amechanganyikiwa. Rayén ameanza kusimama kwa kushika viti.

Juzi, barafu ikiwa kali, Nolfa aliingia chumbani kwa Bi Otilia, akakuta kioo kikavu isipokuwa duara moja la ukungu, kubwa kama mdomo, lililokuwa likitanuka na kusinyaa. Akapitisha kidole. Halikufutika. Lilikuwa upande wa nje.

Akaweka mkono kwenye komeo, akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.

"Huko baridi, eh?" akasema. "Zoea."

Akalisukuma dirisha wazi, likagonga kitu kilicholowa huko nje.