Mshenga wa Vitabu

Kila Ijumaa, kabla ya kipindi cha mwisho, Mkia alitangulia maktabani peke yake. Maktaba ya shule ilikuwa chumba cha mwisho katika jengo la zamani. Hapo awali kilikuwa ghala la madawati mabovu, na bado kilinuka kutu na gundi. Mkia alifagia, akapanga mabenchi, kisha akachukua kitambaa na kufuta vumbi kwenye rafu iliyo karibu na dirisha, ile yenye karatasi iliyoandikwa FANTASIA. Alifuta migongo ya vitabu tu. Hakufungua hata kimoja.

Jina la Mkia hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwa sababu tangu alipojua kutembea alimfuata dada yake kila mahali. Dada naye aliitwa Mshenga, kutokana na kazi aliyoifanya mle maktabani. Siku ya Ijumaa alisimama mbele ya mabenchi, amekikumbatia kitabu kifuani, akakitafutia mchumba. "Huyu wangu ni mnene kidogo," alikuwa akisema, "lakini mpole. Anapenda majoka, hapendi kukunjwa pembe za kurasa. Nani atamchukua?" Watu walicheka, na mikono ikainuka. Mtu akikataa majoka, Mshenga alijua ni kitabu gani kina jini mwenye huruma, na kipi kina msichana anayeongea na mvua. Mwalimu wa maktaba alipenda kusema kwamba hakuna kitabu kilichotolewa na Mshenga kikarudi bila kusomwa.

Mshenga alifariki mwezi wa mitihani. Ilikuwa homa iliyoanza kama mafua ya kawaida. Alilazwa mwanzoni mwa wiki, na wiki haikuisha kabla ya nyumbani kujaa watu walioketi kimya.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa maktaba alimwita Mkia. "Kazi ya dada yako iko wazi," alimwambia kwa upole. "Wewe ulimsikiliza kuliko sisi sote. Utaweza?"

"Nitaweza, Mwalimu," Mkia alijibu haraka. Hakutaka mtu mwingine asimame mahali pale.

Kuna jambo hakulisema. Mama yao alikuwa dobi, na jioni alipopiga pasi mashuka ya watu, Mshenga ndiye aliyekuwa akisoma kwa sauti huku Mkia akikunja. Majitu yalipewa sauti ya mwenye nyumba anapodai kodi. Wachawi walipewa sauti ya muuza duka. Sasa kila Mkia alipofunua ukurasa, sauti zile zilimjia masikioni, na herufi zikaanza kuogelea. Alifunga kitabu kabla ya kumaliza mstari. Kwa hiyo alijifunza njia nyingine: alisoma jalada la nyuma, akachanganya na mzaha mmoja wa dada, akasimama mbele ya mabenchi. Watu walicheka. Vitabu vilichukuliwa. Hakuna aliyegundua.

Ijumaa moja alisimama mbele yake msichana wa darasa la tano aliyeitwa Punje kwa udogo wake. Sweta lake lilikuwa limefungwa hadi shingoni ingawa kulikuwa na joto.

"Dada Mkia, hicho cha farasi kinahusu nini?"

Kitabu kiliitwa Farasi wa Moshi. "Kinahusu msichana ambaye mama yake ni mgonjwa," Mkia alisema. "Anapanda farasi wa moshi, anavuka nchi ya watu waliosahau majina yao, anakwenda kutafuta maji ya kumponya mama."

Punje alisogea karibu, akashusha sauti. "Na mama anapona? Maana mama yangu amelazwa, na anapenda nikienda nimsomee. Sitaki kitabu ambacho mama anakufa."

Mkia aligeuza kitabu. Jalada la nyuma halikusema. Nyuma ya Punje kulikuwa na foleni, na mwalimu alikuwa akimtazama Mkia kwa tabasamu lile alilokuwa akimpa dada. Ilitosha kusema, sijakisoma.

"Anapona," Mkia alisema. "Mwishoni wanacheka wote mpaka farasi anapiga chafya ya moshi."

Punje alicheka, akakiingiza kitabu ndani ya sweta lake kama mtu anayeficha mkate.

Wiki iliyofuata, Mkia alikuwa bombani akijaza ndoo ya kupigia deki darasa. Alikuja Redio, msichana wa darasa lake aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na mahali pa kuzimiwa.

"Eti umempa Punje Farasi wa Moshi?"

"Nimempa."

"Una roho ngumu wewe. Na mama yake yuko hospitali? Mimi nilikisoma likizo, binamu yangu anacho. Mama anakufa."

Mkia alimgeukia. "Anakufa?"

"Anakufa mtoto akiwa njiani, na maji mkononi. Nililia mpaka bibi akadhani nimeumwa na nge. Kwani wewe hukukisoma?"

Mkia alifunga bomba ingawa ndoo haikuwa imejaa. "Nilisahau mwisho wake."

"Mwisho ule mtu hausahau," Redio alisema. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuongeza neno.

Mkia alimtafuta Punje siku hiyohiyo, akamkuta nje ya darasa lake akichonga penseli. Alikuwa ameshatunga maneno.

"Punje, niletee kile kitabu. Mwalimu anataka kukitia gundi, jalada linang'oka."

"Halijang'oka."

"Basi nitakupa kingine, kizuri zaidi."

"Mama hataki kingine." Punje alipuliza unga wa penseli. "Tumefika pale anapojaza maji kwenye kibuyu. Jana mama alimaliza supu yote ili nianze kusoma. Muuguzi alishangaa. Tumesema Jumapili tutakimaliza. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, yule mama anapona."

Kengele ikalia, Punje akakimbilia darasani.

Alimwomba Redio ile nakala ya binamu yake, na Redio akaileta bila kuuliza kitu. Jumamosi mchana Mkia aliketi nyumbani kwenye kikapu kilichogeuzwa, kitabu mapajani. Mama alikuwa akipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Redio ya mezani ilikuwa imezimwa tangu siku ya msiba. Kilichosikika ni mlio wa pasi juu ya nguo mbichi tu.

Mkia alifunua ukurasa wa kwanza. Akaufunga. Akaufunua tena.

"Mbona unahangaika hivyo?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Siwezi, mama. Siwezi kuziiga zile sauti za dada."

Mama aligeuza shuka upande wa pili. "Nani amekuambia uziige? Soma kwa sauti yako. Nasikiliza."

Mkia alisoma. Mwanzoni alikwama kila mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. Jitu la hadithini lilitoka na sauti nyembamba ya Mkia mwenyewe, na halikumtisha mtu. Lakini hadithi iliendelea. Mama alimaliza furushi moja la mashuka, akaanza jingine. Walipofika pale msichana anapoona watu wamejaa mlangoni kwao, mama alisimamisha pasi, akabaki ameshika ukingo wa meza. Mkia alilia akisoma, akasoma akilia, mpaka ukurasa wa mwisho.

Kisha akamweleza mama habari yote ya Punje. Hakuficha kitu.

Mama alilikunja shuka mara mbili kabla ya kujibu. "Siku dada yako alipozidiwa," alisema, "kuna mtu pale wodini aliniambia asubuhi ataamka mzima. Mtu mwema tu, alitaka kunifariji. Nikarudi nyumbani nikamfulia gauni lake la kutokea hospitali. Nilikuwa nalianika waliponiita." Alilisukuma shuka pembeni. "Sikuwa karibu naye, mwanangu. Nenda kesho. Nenda kabla hawajafika mwisho."

Wodi ya wanawake ilipakwa rangi ya kijani hadi nusu ya ukuta, na sakafu ilinuka dawa. Punje alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha karibu na mlango, kitabu wazi. Mama yake, ambaye kabla ya kuugua alikuwa mshonaji, alikuwa amejifunika hadi kifuani. Mikono yake ilikuwa myembamba, nayo ikichezea pindo la shuka kana kwamba inalikagua mshono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Dada Mkia? Karibu. Tumekusubiri sura tatu nzima, huyu anakutaja kila ukurasa."

Mkia alibaki amesimama. "Punje, usisome kwanza. Nilikudanganya. Yule mama haponi. Anakufa."

Punje alimtazama kama hakuelewa lugha. "Ulisema wanacheka."

"Nilitunga. Sikuwa nimekisoma. Niliona aibu kusema sijakisoma."

"Mwongo," Punje alisema kwa sauti ndogo. Alifunga kitabu, akageuza kigoda, akatazama ukuta. Mabega yake yalianza kutikisika.

Mama yake hakukasirika. Alivuta pumzi, na ilichukua muda. "Mimi nilishahisi," alisema. "Mama wa kitabuni akianza kugawa vyombo vyake sura ya kwanza, unajua. Lakini huyu alikuwa akisoma kwa furaha, nikamwacha aamini. Kwa hiyo tuko wawili tuliomdanganya, usijibebeshe peke yako." Alimgeukia Mkia vizuri. "Sasa umekimaliza?"

"Nimekimaliza, mama."

"Kweli?"

"Kweli. Mpaka neno la mwisho."

"Basi niambie. Yule mtoto anabaki na nani?"

Kwenye kitanda cha pili, mtu aliacha kukohoa. Mkia alijibu taratibu. "Na shangazi yake, mchimba visima. Shangazi hajui kusuka nywele. Anamsuka vibaya, watoto wanamcheka njiani. Lakini kila asubuhi anajaribu tena. Na yale maji hayamwagwi, wanampa mtoto wa jirani aliyekuwa na homa. Na farasi haondoki. Anabaki mlangoni."

Mshonaji alifumba macho. Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke. "Afadhali," alisema. "Hilo ndilo nililotaka kujua. Soma, mwanangu. Punje atasikiliza akiwa ameelekea ukutani, hakuna ubaya."

Mkia alisoma kwa sauti yake mwenyewe. Pale watu walipojaa mlangoni, Punje aligeuka, akalaza kichwa kwenye blanketi la mama yake, na mkono mwembamba ukamshika kisogoni. Walilia wote watatu. Muuguzi alikuja na kipimajoto, akasimama, akangoja ukurasa uishe.

"Afadhali tumelia pamoja," mama yake Punje alimwambia bintiye mwishowe, "kuliko ungekutana na hayo ghafla, umeshaahidiwa kicheko."

Ijumaa Mkia aliwahi maktaba kuliko kawaida. Mwalimu wa maktaba alikuwa akibandika namba kwenye vitabu vipya. Mkia alimweleza yote, kuanzia majalada ya nyuma hadi wodini.

"Kwa hiyo nataka kuacha, Mwalimu. Mpe Redio. Yeye anavisoma."

Mwalimu aliweka gundi chini. "Redio atasimulia mwisho kabla ya jina la kitabu," alisema, na Mkia karibu acheke. Kisha mwalimu akawa mzito. "Na mimi nina kosa. Nilikupa kazi ya dada yako kabla hujamaliza kumlilia. Nilipaswa kukuuliza kama unavisoma, sikuuliza. Lakini nisikilize. Kuna vitabu ambavyo dada yako hakuvimaliza. Unajua alifanyaje? Alisimama pale akasema, 'Huyu simfahamu, anayemfahamu amsemee.' Hakuna aliyemdharau. Ndiyo maana akisema anakifahamu, walimwamini."

Mkia aliinamisha kichwa.

"Mtoto akikuuliza kuhusu kitabu, haulizi kama wewe ni hodari. Anauliza atakutana na nini humo ndani, na kama ataweza kukistahimili. Hata hadithi ya farasi wa moshi humgusa mtu mahali halisi. Ukijibu usichokijua, yeye ndiye anayeumia, wewe ukiwa umeshapigiwa makofi. Kusema 'sijui' kunauma kwa muda mfupi tu. Uongo wako ulisafiri mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa. Hutaacha kazi. Utasoma, na utasema unachokijua tu."

Mabenchi yalipojaa, Mkia alisimama mbele akiwa na Farasi wa Moshi. Hakufanya mzaha. Aliwaambia kwamba alikitoa kitabu hiki bila kukisoma na kwamba alimuumiza mtu. Kisha akasema, "Sasa nimekisoma. Ni kizuri, na kinahuzunisha sana. Anayekichukua akisome akiwa na mtu karibu." Kilichukuliwa na mvulana wa darasa la saba, ambaye alisema atakisoma na kaka yake.

Punje alibaki nyuma mpaka wengine wakatoka. Mama yake alikuwa bado amelazwa, na madaktari hawakuwa wakisema mengi. Hakumtazama Mkia usoni, lakini hakuondoka.

"Tunataka kingine," alisema. "Umesoma kipi?"

Mkia alitoa kimoja tu kwenye rafu. "Hiki. Nilikimaliza jana."

"Nani anakufa?"

"Mzee mmoja, na joka lake."

Punje alifikiri. "Joka linaumia?"

"Linaumia kidogo. Halafu linalala."

Punje alikipokea, akafungua kifungo cha juu cha sweta, akakiingiza ndani. "Hilo mama ataliweza," alisema, akaenda zake hospitali.