Baba Hakutaka Kupigwa Picha

Kila asubuhi Paskazia alifagia uwanja, akateka maji, kisha akamkorogea uji mdogo wake Wiliam kabla hawajaenda shule. Tangu mama yao afariki, kazi za nyumbani zilikuwa zake. Baba yao, Donatus, alidamkia kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu pale Rwamgasa, akarudi jioni akiwa mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope.

Likizo ilipofika, shangazi yao Euphrasia alikuja kutoka Songwa kuwatembelea. Aliwaletea karanga na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Shangazi alipenda picha. Aliwapiga watoto picha kwa simu yake wakitafuna matobolwa, wakichagua dagaa sokoni, wakitoka kanisani Jumapili. Donatus tu ndiye ambaye hakuonekana. Kila simu ilipoinuliwa, alikumbuka jambo la kufanya nyuma ya nyumba. Huko Paskazia alimsikia akikohoa, amejiziba mdomo kwa kitambaa.

Kitambaa hicho alikifua Paskazia mwenyewe. Kilikuwa na damu.

“Usimwambie shangazi yako,” baba alikuwa amemwonya kabla mgeni hajafika. “Ataniachisha kazi, nasi tutakula nini? Ni vumbi tu, litaisha.”

Jioni moja, wakila ugali kwa sato, shangazi alimpiga Donatus picha kabla hajawahi kuinuka. Akaitazama kwa muda mrefu. Mashavu ya kaka yake yalikuwa yamebonyea, na shati lilimning’inia kama lililotundikwa msumarini.

“Donatus, unaumwa?”

“Mafua tu, dada.”

Shangazi akamgeukia Paskazia. “Ni kweli, mwanangu?”

Paskazia aliinamia sahani. “Ndiyo, shangazi. Ni mafua.”

Kesho yake shangazi aliwapeleka watoto Geita mjini. Wakatembea madukani, kisha akawanunulia chipsi na kuku. Wiliam, aliyekuwa akizililia chipsi tangu asubuhi, alikula kidogo akaisukuma sahani. Akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kukwangua kifua, sawa kabisa na cha baba.

“Sogeleaneni niwapige picha,” alisema shangazi.

Paskazia alijaribu kutabasamu, akashindwa. Machozi yalimtoka mbele ya watu. “Shangazi, nilikudanganya. Baba anakohoa damu. Sasa na Wiliam amekonda, na usiku anatoka jasho.”

Shangazi hakumkaripia. Aliirudisha simu mkobani. “Inukeni,” alisema kwa sauti ya chini. “Twendeni nyumbani.”

Donatus alipojua siri imetoka, alikasirika. Hakumsemesha binti yake jioni nzima, na Paskazia alilia kimyakimya jikoni.

“Nikasirikie mimi,” Euphrasia alimwambia kaka yake. “Huyu ni mtoto, nawe umemtwisha mzigo wa mtu mzima.”

Asubuhi Donatus alikubali, wakaenda wote hospitali. Makohozi yalipimwa, vifua vikapigwa picha. Donatus alikuwa na kifua kikuu. Wiliam naye alikuwa nacho. Paskazia peke yake ndiye aliyekutwa salama.

“Dawa ni za bure, na mtapona mkizimeza miezi yote sita bila kuruka hata siku moja,” alisema nesi Juliana. Kisha akamtazama Donatus. “Lakini vumbi nalo limeyaharibu mapafu yako, na hilo halitibiki. Usirudi kwenye karasha.”

Maisha yakawa mazito. Kuku na sato vilisahaulika, wakala ugali kwa mlenda. Shangazi hakurudi Songwa; alibaki akilima mihogo pamoja na watoto, huku Donatus akipalilia pole pole na kukaa chini kila mara. Wiliam aliacha kukohoa, akaanza kudai uji wa pili. Hata hivyo, Paskazia hakuwa na raha.

Siku moja akiwa shambani, aliuliza, “Baba, ningesema mapema, Wiliam asingeugua?”

Donatus aliweka jembe chini. Alichukua muda kupata pumzi.

“Hilo sijui, mwanangu. Huenda alikuwa ameshaambukizwa. Ila kosa si lako, ni langu. Nilidhani naficha ugonjwa, kumbe naugawa ndani ya nyumba yangu.” Akaketi kwenye tuta, kisha akaendelea. “Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwetu kilio kilikuwa kimeshafika mlangoni, ukakizuia wewe uliposema kweli. Mtu mzima akikuambia ufiche ugonjwa, hata nikiwa mimi baba yako, usimtii. Mtafute mtu unayemwamini, umweleze.”

“Sawa, baba,” alijibu Paskazia. Akamshika mkono, akamsaidia kuinuka, wakarudi nyumbani taratibu, wakipumzika kila alipochoka.