Mdomo Mpana wa Bunduki

Kila Jumamosi jioni Teodosia alitandika gunia kuukuu barazani, akaweka kopo la mafuta ya taa, kitambaa na unyoya mrefu wa kanga. Kisha alimngoja baba yake atoke kazini.

Baba yake, Mzee Saturnini, alitunza bunduki katika klabu ya Wazungu wa mradi wa karanga, pale Nachingwea. Bunduki zenyewe zilifungiwa klabuni. Vilivyokuja nyumbani ndani ya kijisanduku cha mbao ni vipande viwili vifupi vya chuma, vyenye tundu katikati. Kimoja kati ya hivyo hukazwa mwishoni mwa mtutu wa bunduki ya marisau, ile inayotoa punje nyingi kwa mpigo mmoja, kabla Wazungu hawajaanza mchezo wao wa kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Vipande hivyo viwili wafanyakazi waliviita mdomo mpana na mdomo mwembamba.

"Tema maji midomo ikiwa wazi," baba yake alimwambia zamani, alipomfundisha. Teodosia alitema, maji yakatawanyika miguuni pake. "Sasa bana midomo." Maji yakaruka hadi uani, yakamlowesha jogoo. Mama alifoka, nao wawili wakacheka.

"Ndivyo zinavyotoka punje za risasi," baba alisema. "Kisahani kikipita karibu?"

"Mdomo mpana, Baba."

"Kikienda mbali?"

"Mwembamba."

"Na mdomo uliobonyea?"

"Haufungwi kabisa. Bunduki inaweza kupasuka."

"Naam. Na mtu akaondoka bila vidole."

Lakini mwaka ule vicheko vilikuwa vimeadimika. Karanga zilikataa kustawi. Matrekta yalisimama porini yakiota kutu, na kila wiki watu walipunguzwa kazini. Mtama wa mama kule Mtua ulikauka kabla ya kutoa masuke. Nyumba nzima sasa ilikula kwa kazi ya baba peke yake.

Jumamosi moja baba alikileta kisanduku, akaenda msibani. Teodosia akabaki na rafiki yake Zaina, aliyekuja na korosho za kuchoma kwenye upindo wa kanga. Wakazivunja kwa jiwe, lakini jiwe lilikuwa dogo, likawaponda vidole.

"Lete hicho kichuma chako," Zaina alisema. "Kila siku kinaogeshwa kama bibi harusi, kazi hakijui!"

Teodosia akacheka. Akaushika mdomo mpana, akaipiga korosho. Ikapasuka vizuri. Akapiga ya pili, na ya tatu. Mara chuma kikateleza, ukingo wake ukagonga jiwe.

Alipokitazama, ukingo ulikuwa umeingia ndani.

Alijaribu kuunyoosha kwa msumari na mchi wa kinu. Ukanyooka kidogo, lakini alipopitisha kidole ndani, bado ulikikwaruza.

"Usiseme," Zaina alinong'ona. Hakucheka tena. "Baba yangu walimpunguza kwa kusinzia tu. Wako je?"

Teodosia akaupaka mdomo ule grisi nyingi, akaurudisha kisandukuni. Usiku alilala macho wazi.

Kesho yake palikuwa na mashindano. Bwana Ndevu, fundi mkuu wa matrekta na msimamizi wa klabu, alipambana na mgeni kutoka Lindi. Teodosia alimpelekea baba yake chakula, akasimama kando ya ukuta, kikapu mkononi.

"Visahani vya kwanza vitatokea pale kichakani, karibu sana," alisema Bwana Ndevu. "Mdomo mpana, Saturnini."

"Ndiyo, Bwana."

Baba akaufuta juu juu, akaukaza. Hakuutazama ndani, maana aliiamini kazi ya binti yake. Bwana Ndevu akaingiza risasi, akainua bunduki begani.

Teodosia akatupa kikapu, akakimbia. "Usipige! Bwana, usipige!"

Bunduki ikashushwa. Watu wote wakageuka.

"Mdomo umebonyea," alisema, akilia. "Nimeubonyeza mimi. Nilivunjia korosho."

Mtu mmoja akacheka. Bwana Ndevu hakucheka. Alitoa risasi, akafungua kipande kile, akapitisha kidole ndani. Uso wake mwekundu ukawa kama majivu.

"Hukukagua, Saturnini?"

"Sikukagua, Bwana. Mtoto amebonyeza chuma, lakini kukagua ni kazi yangu. Kosa ni langu."

Ukabaki mdomo mwembamba tu. Bwana Ndevu alijaribu kungoja visahani vifike mbali kidogo ndipo apige, lakini vilianguka nyasini kabla hajawahi kulenga. Na alipopiga vikiwa karibu, punje zilipita zikiwa bado zimeshikamana kama ngumi, visahani vikaenda zake vizima. Alishindwa vibaya.

Jioni alimwita Mzee Saturnini pamoja na binti yake.

"Wiki hii nimeambiwa nipunguze mtu mmoja," alisema. "Sasa siwezi kukutetea." Kisha akamtazama Teodosia, akaunyoosha mkono wake wa kushoto, akaukunja na kuukunjua. "Lakini mkono huu ninao kwa sababu yako. Asante, binti."

Baba na mwana wakarudi nyumbani kwa miguu. Walipita matrekta, moja baada ya jingine, ndege wamejenga kwenye viti vyake.

"Baba," Teodosia alisema mwishowe, "ningenyamaza, labda isingepasuka. Ungekuwa na kazi bado."

Mzee Saturnini akasimama.

"Labda. Na labda yule bwana angekuwa hana mkono, nami ningekuwa kizuizini. Sikiliza, mwanangu. Kosa ni kama chuma kile. Ulilipaka grisi likang'aa, hata mimi baba yako likanidanganya. Lakini ndani lilikuwa limebonyea vilevile, likingoja mtu wa kumuumiza. Ungeniambia jana, tungekuwa na aibu ndogo. Leo umesema kwa kuchelewa, tumepoteza kazi. Usingesema kabisa, tungepoteza kisichotafutwa tena. Kazi hutafutwa. Mkono wa mtu hautafutwi."

"Tutakula nini?"

"Sijui," baba alisema. "Mjomba wako ana kipande cha shamba Narung'ombe. Nacho pia hakijapata mvua. Tutakwenda kulima, tuone."

Akamshika mkono. Teodosia alihisi vidole vya baba yake, vyote, vigumu na vya joto, vikiubana wake mpaka walipofika nyumbani.