Ukuta Uliozibwa Vitundu

Beseni lilikwama. Kwa miaka kumi mshonaji alilibeba kiunoni katika uchochoro wa nyuma ya nyumba, akienda kuanika nguo za wateja. Leo upande mmoja uligusa nyumba, mwingine ukagusa ukuta wa kale.

"Labda beseni limenenepa," mumewe alitania. Alikuwa mwashi, na mlima mzima ulimwita Saruji.

Mshonaji hakucheka. Alichukua futi yake ya kushonea, akapima. Uchochoro ulikuwa na sentimita sitini na nne walipohamia. Sasa zilikuwa hamsini na sita.

Mji wao ulikuwa ndani ya kuta tatu za kale, zilizopanda mlima kama ngazi. Nyumba yao ilikuwa chini ya ukuta wa kati. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne.

Kesho yake futi ilisoma hamsini na nne. Mshonaji hakuomba ruhusa ya mtu. Alishuka hadi ofisi ya majengo ya kale, akarudi na mkaguzi, mwanamke mwenye buti zilizojaa tope.

Mkaguzi aliutazama ukuta. Katikati ulikuwa umevimba. Kisha akainama.

"Nani ameziba vitundu hivi?"

"Mimi," alisema Saruji. "Mwezi uliopita alitoka nyoka. Nikavipiga saruji vyote kumi na viwili."

"Vilikuwa vya mishale," alisema mama mkwe wa mshonaji kutoka mlangoni. "Na maadui walikwisha zamani."

"Mama, viko chini ya goti," alisema mkaguzi. "Mpiga mishale gani analala kifudifudi kwenye tope?"

Mkaguzi akaendelea. "Wajenzi wa mji huu walizuia maadui kwa ukuta wa chini. Huu wa kati ulizuia udongo, wapate mahali tambarare pa kujenga. Walipanga mawe bila saruji. Mvua ikinyesha, maji hupenya nyuma ya mawe, yakatokea vitunduni. Ukiviziba, maji yanajaa na kusukuma. Ukuta umesimama miaka mia tano, fundi. Wewe umeuchosha kwa mwezi mmoja."

Saruji alikwenda kuchukua tindo.

"Acha! Hakuna anayeingia uchochoroni. Kwanza watu watoke nyumbani."

"Mimi sitoki," alisema mama mkwe. "Nimeolewa humu, nitazikwa humu."

Jiwe moja likachomoka, likaanguka uchochoroni kwa kishindo.

"Basi nisubirini nivae viatu," alisema mama mkwe.

Walihamia kwa jirani. Cherehani ilibaki. Juu ya ukuta, Saruji na majirani walichimba mfereji wa kupeleka maji ya mvua pembeni. Mkaguzi aliagiza magogo. Wakautegemeza ukuta kwa magogo hayo kutoka ncha zote mbili za uchochoro. Ndipo akamruhusu Saruji azibue, akianzia pale ukuta uliponyooka, kwa mtaimbo mrefu, akisimama mbali.

Kitundu cha kwanza: kimya. Cha pili: kimya. Mawingu yalikuwa yakirudi.

"Je, kama maji yamekwama?" aliuliza mshonaji.

"Endelea, fundi," alisema mkaguzi.

Cha tatu kilikohoa tope. Kisha maji ya kahawia yakaruka kama bomba lililopasuka. Mvua ilipoanza, vitundu tisa vilikuwa wazi na maji yanatiririka uchochoroni.

Asubuhi mshonaji alifunga futi kwenye fimbo, akapima kutoka ncha ya uchochoro. Hamsini na nne. Ukuta haukusogea tena.

Kiangazi, mafundi wa ofisi walibomoa sehemu iliyovimba na kuyapanga mawe upya, bila saruji. Saruji alikuwa akiwapa mawe. Kila kitundu kiliwekewa wavu wa waya; maji hupita, nyoka hapiti.

Mvua ilirudi. Familia ilisimama mlangoni ikisikiliza. Vitundu kumi na viwili vilitiririka.

Mvua ilipokatika, Saruji alitwaa futi kabla ya mkewe.

"Sitini na nne," alisema.

Mshonaji aliinua beseni, akapita bila kuliinamisha.