Makofi Thelathini na Moja

Armand Vauquelin alilala kifudifudi kando ya meza yake ya kazi, fuvu limepasuka kama chungu. Damu ilikuwa imeruka ukutani, kwenye rafu za vitabu, hata kwenye taa ya dari. Mbele ya maiti, kwenye skrini kubwa, filamu yake mwenyewe ilikuwa imesimamishwa: mwanamume mwenye glavu za kijivu ameinua mkono, na mbele yake uso wa msichana unaosubiri kofi.

"Amepigwa mara ngapi?" aliuliza Inspekta Thibaud Lescure.

"Kumi na moja," alijibu daktari wa uchunguzi wa maiti. "La nne ndilo lililomuua. Yaliyofuata ni hasira tu. Kati ya saa tisa na saa kumi alasiri."

"Silaha?"

"Chuma kizito chenye pembe."

Sajini Nadège Pruvost aliitazama skrini. "Baba yangu ana bango la filamu hii chooni, afande."

"Kwa nini chooni?"

"Mama alikataa kulala nalo chumba kimoja."

*Glavu za Kijivu* ilitoka mwaka 1984, ikaanguka vibaya, kisha taratibu ikapata waumini wake. Vijana waliiga makoti ya muuaji wa filamu hiyo, mwendo wake, hata namna alivyowasha sigara. Ila kilichowapagawisha zaidi ni kofi la baa, lile la kwenye skrini. Lilichorwa kwenye fulana na vikombe. Sasa filamu ilikuwa imesafishwa picha moja moja ili iuzwe upya kwenye diski, na Vauquelin, mwongozaji wake mwenye miaka sabini na tisa, alikuwa akirekodi nyumbani kwake Belleville, jijini Paris, maelezo yatakayoambatana nayo.

Lescure hakuikaribia maiti. Aliikaribia meza.

Glasi ya divai, nusu. Kisahani cha majivu na sigara moja iliyozimwa. Miwani imekunjwa. Kiti kimesimama sawasawa. Chumba kilikuwa kama machinjio, lakini meza ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kidogo kwenda kufungua mlango.

"Inua glasi," alimwambia fundi wa vielelezo.

Chini ya glasi palikuwa na damu. Chini ya kisahani, damu. Chini ya miguu yote minne ya kiti, damu.

"Vyote vilianguka," alisema Lescure. "Kisha vikarudishwa. Divai ya kwanza ile pale ukutani. Hii imemiminwa baadaye."

"Basi muuaji alishikwa na kiu."

"Angekunywa, Nadège. Glasi hii haijaguswa na mdomo."

Kwenye rafu walikuta kikata filamu cha zamani, kile cha chuma cha kukatia na kuungia vipande. Kilikuwa kimeoshwa na kurudishwa palepale, ndani ya alama yake mwenyewe ya vumbi. Kwenye bawaba kulikuwa na damu na nywele nyeupe.

Aliyeigundua maiti ni Bertrand Oudinot, mwenye kampuni ndogo ya diski. Alikuwa jikoni, ameinamia kikombe cha kahawa.

"Ulikuwa hapa saa ngapi?"

"Saa nane. Nikampiga picha mezani, ya kijitabu cha diski. Nikaondoka. Niliporudi saa kumi na moja…"

"Kuna kilichoibwa?"

"Kopo la filamu. Picha zote walizopiga za kofi la baa. Zilidhaniwa zimepotea, zikapatikana mwaka jana kwenye stoo. Armand alitaka ziingie zote kwenye diski, kama nyongeza."

"Zote ngapi?"

Oudinot alitazama kahawa yake. "Thelathini na moja. Walirudia mara thelathini na moja."

"Kwa makofi ya kweli?"

"Armand hakuamini uongo, Inspekta."

"Uso uliopigwa haukuwa wake. Nani hakutaka picha hizo zitoke?"

Oudinot alitoa simu ya marehemu mfukoni kwa aibu, kama mtoto aliyeficha peremende. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa siku tatu nyuma, kutoka kwa Solenn Kervadec, msichana wa kwenye skrini: "Ukizionyesha, nitakuja kukuua kwa mikono yangu."

Kamera ya duka la dawa la ng'ambo ya barabara ilimaliza kazi. Saa tisa na nusu, mwanamke mwenye mvi na koti la mvua alionekana amesimama mbele ya mlango wa Vauquelin. Kabla usiku haujaingia, Solenn alikuwa mahabusu, mkanda na kamba za viatu zimechukuliwa.

"Ulitoka Quimper asubuhi kwa treni kumfuata," alisema Lescure.

"Ndiyo."

"Kumuua?"

"Njiani, ndiyo. Nilipofika mlangoni, mkono ulikataa kubonyeza kengele. Nilisimama dakika kumi. Kisha nikaenda kituo cha treni nikala mkate wa mayai."

"Nani alikuona?"

"Njiwa." Aligeuza kichwa kidogo, kama kuku anayesikiliza. "Sema upande huu, bwana. Hili sikio lingine nililiacha kwenye ile baa."

Lescure alihamia upande wa pili wa meza. "Unaelewa hali yako? Umemtishia. Umeonekana. Huna shahidi."

"Naelewa. Mmefika haraka sana. Mwaka themanini na nne nilipiga ripoti ya sikio hili kituo cha polisi. Namngoja afisa mpaka leo."

Nje ya chumba, Nadège aliegemea ukuta. "Mwendesha mashtaka anataka kumfungulia shtaka la mauaji kesho saa nne asubuhi. Wewe unaonaje?"

"Mwanamke huyu angempiga mara kumi na moja na kuondoka. Asingemrudishia glasi yake."

Asubuhi Lescure aliiweka picha aliyoipiga Oudinot saa nane kando ya picha za polisi. Akatazama mara moja, mara mbili. Glasi ilikuwa sentimita ileile kutoka ukingoni. Divai kwenye kimo kilekile. Mkono wa miwani umeelekea dirishani, katika picha zote mbili. Alimpigia Oudinot simu.

"Wewe ni mtu wa filamu. Nani hurudisha vitu namna hii?"

"Mwangalizi wa mwendelezo," alisema Oudinot. "Kila mnaporudia, yeye ndiye anayerudisha kila kitu kilivyokuwa mwanzo. Sigara urefu uleule, glasi kimo kilekile. Wale wa kweli hawawezi kuacha. Ukienda nao mgahawani wanakupangia uma."

"Kwenye *Glavu za Kijivu* alikuwa nani?"

"Huguette Brossard. Yuko Montreuil. Alituazima madaftari yake kwa ajili ya diski. Lakini ni bibi wa miaka sabini na sita, Inspekta."

"Madaftari yana uzito gani? Aliyabeba mwenyewe?"

"Ghorofa tano, kwa ngazi," alisema Oudinot, na sauti yake ikafifia.

Saa mbili na nusu Lescure na Nadège walikuwa jikoni kwa Bi Huguette. Nyumba ilinukia sabuni. Alikuwa mwembamba, nadhifu, mikono mipana ya mtu aliyebeba mizigo. Aliwapa kahawa bila kuuliza walichofuata.

Lescure alilisogeza bakuli la sukari kushoto, kidogo tu. Mkono wa Bi Huguette ulikuja ukalirudisha. Alikuwa akimtazama Nadège wakati huo.

"Jana alasiri ulikuwa wapi, mama?"

"Hapa."

"Kuna aliyekuona?"

"Katika umri wangu, mwanangu, hakuna anayekuona hata ukiwa mbele yake."

"Vauquelin ameuawa."

"Nimesikia redioni."

"Hukusikia kwamba tumemkamata mtu?"

Kikombe kilisimama kabla ya kufika mdomoni.

"Nani?"

"Solenn Kervadec. Saa nne leo anafunguliwa shtaka. Kwa mapigo kumi na moja, atatoka akiwa ajuza, kama atatoka."

"Solenn yuko Quimper," alisema Bi Huguette. "Haji Paris. Tangu siku ile haji Paris."

"Jana alikuja. Alisimama mbele ya mlango mkuu, kamera ikamwona."

Bi Huguette aliweka kikombe chini. Safari hii hakukiweka katikati ya kisahani. Kahawa ilimwagika kwenye kitambaa cha meza, naye hakuifuta.

"Mimi nilipita uani, kwenye mapipa ya taka," alisema. "Ndiko wafanyakazi tulikokuwa tukipita. Mfungueni. Ni mimi."

Nadège alitoa kinasa sauti na kumsomea haki zake. Bi Huguette alingoja mpaka akamaliza.

"Nilikwenda kumwomba. Mara tatu nimemwomba: Armand, lichome lile kopo. Akasema njoo utazame kwanza, umesahau jinsi zilivyo nzuri. Akaniwekea. Picha zimesafishwa, bwana, hata vinyweleo vinaonekana. Zamani ilikuwa giza na moshi. Sasa unaona jicho linavyojua kofi linakuja."

"Endelea."

"Kofi la nne lilikuwa zuri. Nililiandika kwa mkono wangu: la nne, zuri, litumike. Ndilo lililoingia kwenye filamu. Nilimwonyesha daftari. Akasema nyamaza, Huguette, bado hajawa wa kweli. Tukaendelea mpaka thelathini na moja."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Kazi yangu." Alitazama mikono yake. "Kila baada ya kofi nilikuwa narudisha uso. Nafuta machozi, napaka poda juu ya wekundu, narudisha ule unywele nyuma ya sikio. La kumi na tisa, sikio likatoa damu. Nikaifuta pia. Nikasema, tayari. Alikuwa na miaka ishirini. Kila nikimaliza ananitazama, anadhani nitasema basi. Mimi nasema, tayari."

Nadège alisogeza kinasa sauti karibu naye.

"Jana Armand alisimamisha picha kwenye lile la kumi na tisa. Akacheka. Akasema, tazama, hapa ndipo alipoanza kuigiza. Kikata filamu kilikuwa karibu nami. Nilimpiga, akanyanyuka. Akasema Huguette, una nini, kwa sauti ileile ya kuniagiza kahawa. Basi nikampiga mpaka sauti ikatoka chumbani."

"Kisha ukapanga meza."

"Sikukusudia kuficha. Sikumbuki hata kuifikiria. Nilipozinduka, glasi ilikuwa mkononi mwangu na nilikuwa napima divai."

"Kopo liko wapi?"

Lilikuwa kabatini, nyuma ya mitungi ya jamu, limefutwa vumbi na kubandikwa karatasi mpya yenye jina la filamu na namba zote, ya kwanza hadi ya thelathini na moja.

"Ulikuwa na usiku mzima wa kulichoma," alisema Nadège.

"Miaka hamsini sijapoteza hata kipande kimoja, binti. Niliwasha jiko mara mbili." Kisha akamgeukia Lescure. "Wewe utalichoma, siyo?"

"Ni kielelezo, mama. Hakimu ataziona hizo picha. Mawakili, wazee wa baraza, kila atakayeketi mahakamani."

"Zote?"

"Zote."

Hapo ndipo Bi Huguette alipolia, mdomo wazi, bila sauti. Nadège alimfunga pingu kwa mbele, taratibu.

Saa nne kasoro dakika tano Lescure alifungua mwenyewe mlango wa mahabusu. Alimrudishia Solenn mkanda na kamba za viatu, akakaa upande wa sikio lake zima, akamweleza yote: mlango wa uani, kikata filamu, kopo nyuma ya jamu.

Solenn alisikiliza huku akipitisha kamba kwenye matundu ya viatu.

"Anasema alifanya kwa ajili yako," alimaliza Lescure. "Ameomba kukuona kabla hajapelekwa. Dakika moja tu. Unamkumbuka?"

Solenn alikaza fundo, akasimama, akachukua koti lake.

"Armand alikuwa mbali, nyuma ya kamera," alisema. "Yule wa glavu alikuwa analia, maskini, alitapika mara mbili. Lakini yule mwanamke alikuwa ananikaribia hivi." Aliinua kiganja sentimita chache mbele ya uso wa Inspekta. "Mikono yake ilikuwa na joto. Kila mara nilidhani amekuja kunitoa."

Akavaa koti. Akauliza treni ya Quimper inaondoka saa ngapi.