Gego Lililojazwa Chuma

Kioo hakikupata ukungu.

Lilikuwa jambo dogo, na Daktari alilipuuza. Kila kinywa kina joto lake. Ukiingiza kile kioo kidogo chenye mpini mrefu ili uone migongo ya magego, pumzi ya mgonjwa hukifunika palepale, na ndiyo maana alizoea kukisugua kwanza ndani ya shavu la mtu kabla ya kutazama. Lakini mgonjwa huyu wa mwisho, aliyeingia mvua ikinyesha huku amejifunga kitambaa tayani kama mwenye matumbwitumbwi, alipumua, kifua kikapanda na kushuka, na kioo kikabaki kimetakata kama kimetundikwa ukutani.

"Linauma hili?" Daktari aliuliza, akiligonga gego.

Mtu yule akatikisa kichwa.

Daktari akachukua sonda, ile sindano iliyopinda kama ndoana, inayopapasa matundu ambayo jicho haliyaoni. Jino lilikuwa zima na gumu, ila katikati lilijazwa kitu cheusi. Sonda ilipokigusa ikalia, chuma kwa chuma. Pembeni palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Hili haling'olewi, baba. Nitakuzibia upya, litakaa."

"Ling'oe." Machozi yalimtiririka hadi masikioni. "Kama una mtoto, nakuomba kwa ajili yake. Nimelibeba mpaka nimechoka. Ling'oe tu."

Daktari alikuwa na mtoto, tena mmoja tu. Akamwonea huruma. Akamchoma sindano ya ganzi, akalilegeza gego kwa wenzo, akalishika shingoni kwa koleo, akalizungusha taratibu. Likatoka bila tone la damu. Mtu yule akaruka kutoka kitini akicheka kama mfungwa aliyesamehewa. Alipofika mlangoni akageuka.

"Nisamehe, Daktari."

"Usijali," Daktari akajibu, akidhani anaombwa radhi kwa kucheleweshwa kufunga. Mtu yule akaingia mvuani, na hakuonekana tena.

Lile gego Daktari hakulitupa. Tangu aanze kazi hakuwahi kuona jino lililojazwa namna ile. Alilitia kwenye kichupa, akakiweka kabatini.

Zahanati ilikuwa chini, nyumba ikawa juu yake. Daktari alikuwa mjane. Aliishi na bintiye wa darasa la pili, ambaye kila mtu alimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, na dada wa marehemu mumewe, yaani wifi yake, ambaye ndiye aliyekuwa msaidizi wake kazini. Wifi ndiye aliyeosha vifaa, akavichemsha, akavipanga kwenye trei kila asubuhi. Kwa hiyo Wifi ndiye aliyeona kwanza.

"Wifi," akamwambia Daktari, "nani ametoa makoleo ya watoto?"

Yalikuwa yamepangwa juu ya trei, yale madogo yenye midomo myembamba ya kukamatia meno ya utotoni. Yalielekea kitini, tayari kwa kazi.

"Labda ni wewe jana," Daktari akasema.

"Mimi? Kabati nililifunga, na ufunguo nimelala nao."

Wakayarudisha. Kesho yake wakayakuta tena nje. Kisha ikaja harufu. Zahanati ile ilizoea kunukia mafuta ya karafuu, lakini sasa chini ya karafuu palikuwa na kitu kingine, harufu ya chuma kilichonyeshewa na damu iliyolala. Na bomba la kunyonya mate, likiwa limetundikwa na swichi imezimwa, likaanza kukoroma, likinyonya na kumeza kana kwamba mahali fulani limekipata kinywa kilichojaa.

"Kompresa imechakaa," Daktari akasema, lakini sauti yake mwenyewe haikumwamini.

Siku hiyo Kasuku alirudi shuleni kimya.

"Leo redio imeisha betri!" Shangazi yake akamtania. Mtoto hakucheka. Alikaa mezani midomo ameibana, akaisukuma sahani. Kesho yake vilevile. Walimu wakapiga simu: mtoto hasemi, akiulizwa anatazama tu. Daktari akambembeleza, akamkemea, akambembeleza tena. Kisha akampeleka hospitali kubwa. Wakampima masikio, koo na kichwa, wakampiga picha, wakasema mtoto mzima kabisa, labda anamlilia baba yake.

Mchana mmoja walimtafuta chumbani wakamkosa. Wakamkuta zahanati, amelala kwenye kiti cha wagonjwa, taa ya juu inawaka, kinywa wazi.

"Mwanangu, umeingiaje hapa?"

Kinywa hakikufumba. Daktari akainama. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kioo, kwa mazoea ya miaka, akakiingiza. Mtoto alikuwa anapumua, shati linapanda na kushuka. Kioo kilikuwa kimetakata. Na ndani ya kioo fizi za mwanawe zilikuwa nyeusi ti, kama masizi ya chungu.

Sauti ikatoka. Midomo haikucheza wala ulimi haukutikisika, lakini sauti ikatoka, tamu na tulivu, ya mtu mzima asiye na haraka.

"Umeanza vizuri, Daktari. Kioo ni cha kutazamia. Sonda ni ya kupapasia. Kijiko ni cha kukwangulia uozo. Koleo ni la kutolea. Nami nimetolewa. Umenitoa wewe."

Wifi alishika ukuta. "Mungu wangu. Mungu wangu, wifi."

"Unataka nini?" Daktari akanong'ona.

"Nilifungwa muda mrefu. Nina njaa."

Daktari alikuwa mtu wa vitabu. Mambo ya majini aliyaachia watu wengine. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na jioni hiyohiyo Wifi alipovaa viatu na kusema anamfahamu bibi mmoja anayetibu mambo haya, Daktari hakuuliza hata swali moja. Alisema tu, "Kimbia."

Bibi mganga alikuwa mfupi, amebakiwa na meno machache ya mbele. Alifika mlangoni mwa zahanati akasita.

"Ingia, bibi, tafadhali."

"Majini siwaogopi, mwanangu. Naogopa hicho kiti."

Siku nyingine wangecheka. Bibi akaingia akikizunguka kiti kwa mbali, akaweka sikio kwenye shavu la Kasuku, akasikiliza kitambo. Alipoinua kichwa, uso ulikuwa umemshuka.

"Anakula maneno yake. Akiyamaliza atakula pumzi. Mmemtoa wapi huyu?"

Daktari akamletea kichupa. Bibi alikitazama bila kukigusa.

"Hii ni kazi ya watu wetu. Ndani ya jino pana chuma kilichosomewa, ni kufuli. Yupo mtu alikubali kumbeba huyu kinywani ili asizurure. Kachoka, akaja kwako." Akahema. "Huyu hafukuziki. Akifukuzwa anahamia kwa jirani. Hufungwa tu, na hufungwa ndani ya mtu."

"Ndani ya nani?"

Bibi akamtazama mtoto. "Meno ya utotoni hayafai, yatadondoka na kufuli litadondoka nayo. Lakini gego moja la ukubwani limeshaota. Tukimfungia humo, atakaa naye maisha yake yote."

"Hapana."

"Mwanangu..."

"Nimesema hapana!" Daktari akapiga magoti mbele ya yule mwanamke. "Mama yangu, nakuomba. Mimi ndiye niliyemtoa. Mimi nina magego yangu. Mwite aje kwangu."

Bibi akamwinua kutoka sakafuni. Kisha akasema kwamba jini wa aina ile huingia palipo wazi panapouma. Jino lichimbwe mpaka kwenye uhai wake, bila ganzi, kwa kuwa kinywa chenye ganzi ni mlango uliofungwa. Akisikia maumivu yaliyo matamu kuliko maneno anayoyala, atahama. Hapo ndipo chuma kiwekwe, upesi, kabla hajajua alipo.

Daktari akamgeukia Wifi.

"Mimi?" Wifi akarudi nyuma. "Mimi ni wa kuosha na kupanga! Sijawahi kuchimba jino kwa keekee ndani ya kinywa cha mtu!"

"Umeniona nikifanya kila siku."

"Kuona si kufanya, wifi yangu!"

"Kama si wewe, nani? Huyo ni damu ya kaka yako."

Wifi alikubali kulipopambazuka. Walianza asubuhi hiyohiyo jua likiwaka, kwa sababu pumzi za Kasuku zilikuwa fupi sana na hapakuwa na muda wa kusubiri chochote. Bibi alikitoa kile chuma kwenye jino la zamani, punje nyeusi isiyozidi mbegu ya papai, akakisomea, akakiweka tayari kwenye kibano. Akampakata mtoto kwenye stuli, shavu lake karibu na shavu la mama. Daktari akajilaza kwenye kiti chake mwenyewe, mahali ambapo hakuwahi kulala, akaona taa kama wanavyoiona wagonjwa.

"Kioo mkono wa kushoto, uvute shavu," alimwambia Wifi. "Usikandamize keekee, iache ikate yenyewe. Nikiinua kidole, endelea. Hata nikilia, endelea."

"Na ukisema niache?"

"Hapo sitakuwa mimi."

Keekee ikalia kama nyigu, ikagusa, na Daktari, ambaye kwa miaka yote alikuwa amewaambia watu vumilia kidogo tu tunamaliza, akajua sasa alikuwa akiwaambia nini, kwa maana maumivu hayakuingia jinoni tu bali yalipanda jichoni yakashuka shingoni yakamkunja vidole vya miguu, na bado kidole chake cha mkono kilikuwa juu, na Wifi akakwangua kwa kijiko na kuchimba tena huku machozi yakiloweka barakoa yake, na bomba la kunyonya mate likikoroma bila kushikwa na mtu, na makoleo yakigongana ndani ya kabati lililofungwa, na ile harufu ya damu iliyolala ikijaa chumba mpaka pumzi zikawawia ngumu, hadi Kasuku alipopiga ukelele, ukelele wake mwenyewe wa kitoto, na baridi ikapita kutoka shavu hadi shavu.

Daktari akalegea. Kidole kikaanguka.

Kisha kinywa chake, kilichojaa damu na pamba, kikasema kwa sauti ya mwanamume. Wifi aliijua. Ndiyo sauti iliyomwita dada tangu utotoni mpaka siku walipoizika.

"Dada. Ni mimi. Usinifungie gizani, dada."

Wifi akasimama, kibano mkononi.

"Si yeye!" Bibi akapaza sauti. "Weka!"

"Dada, ninakuona. Ulivyokonda! Nani alikupikia nilipoondoka?"

Wifi alilia kwa sauti kubwa kama watu waliavyo msibani. Lakini akiwa analia akaitumbukiza ile punje, akachukua kishindilio, akaikandamiza kwa nguvu zake zote, akafunika juu kwa saruji ya meno, akakandamiza tena, "Nisamehe, nisamehe, nisamehe," mpaka sauti ikawa ya mtu aliye chumba cha pili, kisha chini ya ardhi, kisha kimya.

Bomba likanyamaza. Nje mtu alikuwa anapita na baiskeli.

"Shangazi," Kasuku akauliza, "mbona unalia kama mtoto? Na mama ana damu. Na huyu bibi ni nani? Mbona hana meno?"

Hakunyamaza siku nzima, na hapana aliyemwomba anyamaze.

Hiyo ni hadithi ya zamani sasa. Kasuku yuko sekondari na bado anaongea. Bibi amekwisha kufariki, na hakumwachia mtu kazi yake. Daktari hutafuna upande mmoja, na hacheki kwa kufunua meno. Wagonjwa humwona ni mtu mwenye maringo kidogo. Hawajui kwamba hakuna aliyejaza jino likadumu milele. Saruji huliwa na chai ya moto, na mate, na miaka. Yeye mwenyewe huwaambia hivyo kila siku.

Juzi, wakiwa mezani watatu, Kasuku akisimulia habari za mwalimu wake wa hesabu, Daktari alitafuna kijiwe kilichokuwa ndani ya wali. Akakisikia kikilia kati ya meno. Akapeleka ulimi taratibu upande ule wa gego, akapapasa, na ncha ya ulimi ikakwama kwenye kitu chembamba kama unywele.

Kasuku alikuwa bado anasimulia. Wifi alikuwa anacheka.

Na ndani ya kinywa cha Daktari, chini ya ulimi wake, sauti tamu isiyo na haraka ikauliza, "Kasuku hajambo?"

Daktari akayauma meno yake kwa nguvu, akamshika Wifi mkono chini ya meza.