Kimya cha Studio

Jumatatu asubuhi, rekodi ya marehemu baba ilikuwa ndefu kuliko Masikio alivyoiacha Jumamosi.

Alidhani ni uchovu. Akaifunga kompyuta, akaifungua tena. Rekodi ilikuwa imerefuka, kiasi cha mtu kuinuka, kunywa maji na kurudi kukaa.

Jina la Masikio alipewa na huyo huyo baba, kwa kuwa utotoni hapakuwa na siri iliyompita. Ukubwani akayafanya masikio kuwa kazi. Alikuwa msanii wa sauti, na nyumba aliyokuwemo sasa ilimpokea kama inavyowapokea wasanii na watafiti wengine: unapewa chumba, studio na wiki chache za kutosumbuliwa, mwisho unaonyesha ulichofanya, unampisha mwingine. Yeye alikuja na kitu kimoja tu, rekodi ile. Baba yake, fundi uashi, anasimulia jinsi alivyoijenga nyumba yao. Sauti yake nyingine haikuwepo popote.

Rekodi ilikuwa na kasoro moja: kifua. Kila baada ya sentensi mbili mzee alikohoa, na kila kikohozi kilimrudisha Masikio wodini. Kwa hiyo alivikata vyote. Lakini fundi wa sauti haachi tundu tupu, maana sikio hulishtukia. Hurekodi kimya cha chumba, kile chenye mvumo wake mdogo, na kukitumia kama kiraka. Masikio alifunga mlango wa studio, akasimama bila kutikisika, akarekodi kimya cha pale. Akakishona katika kila tundu. Akaongeza na kipande mwishoni, ili baba asikatike ghafla.

Sasa akaisikiliza. Baba alichimba msingi. Kikafika kiraka cha kwanza, na ndani yake mtu akasema kwa upole, kama msikilizaji mwema:

"Enhe."

Studio ikanuka nguo iliyokaukia kivulini.

Mshukiwa alikuwa mmoja. Mtafiti wa chumba cha jirani alikuwa akifundisha mashine kuiga sauti za watu, na alikuwa na ufunguo wa studio. Tena alipenda mizaha, jambo ambalo Masikio alilihesabu dhidi yake. Alimkuta jikoni.

"Kaka, mzaha wako umenifika."

"Upi? Nina mingi."

"Umeingia kwenye kazi yangu. Umemchezea marehemu."

Mtafiti akaweka kikombe chini. "Dada, mashine yangu mpaka leo inaongea kama mbuzi mwenye mafua. Ningekuwa naweza kuiga mtu, ningekuwa hapa nakunywa chai bila sukari?"

"Ufunguo unao wewe."

"Na wewe una mgeni, nimekaa kimya." Akashusha sauti. "Ukutani nasikia wanaume wawili. Mmoja anasimulia. Mwingine anamhoji."

Masikio alinyoosha mkono, akadai ufunguo. Mtafiti akautoa bila ubishi. Asiyebisha ana lake, Masikio aliwaza, akazitia funguo zote mbili mfukoni, na tangu hapo hazikumtoka mwilini.

Siku iliyofuata rekodi ilikuwa imerefuka zaidi, na sasa viraka vilikuwa na maswali.

"Nyumba ina milango mingapi, mzee?"

"Miwili," baba akajibu, kwa ule ukarimu wake wa kutomnyima mtu neno. "Wa mbele na wa uani. Wa uani komeo limelegea."

"Enhe. Na chumba cha nyuma analala nani?"

"Mke wangu na mjukuu."

Baba alikufa kabla mjukuu hajazaliwa, na katika nyumba ile ya wasanii Masikio hakuwa amemwambia yeyote kwamba ana mtoto, si Mtafiti wala mpishi, kwa hiyo aliposikia neno lile alisukuma kiti nyuma, na ile harufu ya nguo mbichi ikamsogelea karibu kama mtu anayetaka kunong'ona, naye akatoka mbio mpaka uani akampigia mama yake.

"Mama, komeo la mlango wa nyuma likoje?"

"Limelegea tangu jana. Nani kakwambia?"

Mtafiti alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

"Ifute, dada."

"Nikiifuta nimemzika mara ya pili."

Akamwita shangazi yake, dada wa baba, mtu anayeitwa majumbani watu wanaposumbuliwa na majini. Shangazi alifika mchana na mkoba mdogo. Alisikiliza kidogo tu, akavua vidude vya masikioni.

"Nani kamtoa ndugu yangu kikohozi?"

"Mimi, shangazi."

"Kilikuwa kinamuuma yeye au wewe?"

Masikio akaivuta kompyuta karibu.

"Umemhamisha mwenye nyumba vyumbani mwake, ukampangisha usiyemjua. Hivyo vikohozi viko wapi?"

"Kwenye takataka za kompyuta. Sijazimwaga."

"Basi una bahati kuliko akili. Virudishe, kimoja kimoja. Na jina la mtoto lisitajwe humu. Jini likishajua jina, halihitaji tena mlango."

Shangazi akafukiza ubani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Masikio akaiacha rekodi icheze huku akirudisha, akitoa kimya na kuweka kikohozi, na kila kiraka kilipozibwa yale maswali yalikimbilia kiraka kilichofuata na kuulizwa kwa haraka zaidi, bila upole sasa, mtoto ana umri gani, analala upande gani wa kitanda, anamwogopa nani, na baba alijibu yote kwa adabu ile ile ya kumjibu mgeni, mpaka kikabaki kiraka kimoja, na ndani yake sauti ikauliza mtoto anaitwa nani, na baba akavuta pumzi.

"Anaitwa..."

Masikio akabonyeza. Baba akakohoa, kikohozi kirefu cha wodini, kisha akaendelea kupaua nyumba yake.

Harufu ikakatika.

"Vimekwisha?" Shangazi akauliza.

"Vikohozi vimekwisha, shangazi."

Siku ya maonyesho watu walimsikiliza mzee wakiwa wamesimama. Mtafiti aliomba radhi kwa mizaha yake yote, "hata ile ambayo bado sijaifanya." Masikio akakabidhi funguo, akarudi nyumbani.

Komeo lilikuwa jipya. Mama alikuwa akipika. Mtoto aliomba kumsikia babu, akavalishwa vidude vya masikioni, akakaa sakafuni mbele ya kompyuta. Alicheka kila babu alipokohoa. Kisha akaacha kucheka, akatikisa kichwa kama mtu anayeitikia.

"Babu anasemaje?" Masikio akauliza.

"Babu kamaliza. Huyu mwingine ananiuliza jina."

Masikio akatazama kompyuta. Kilichokuwa kikicheza ni kile kipande cha mwishoni, alichokiongeza ili baba asikatike ghafla.

"Umemwambia?"

Mtoto akaweka kidole mdomoni, amnyamazishe mama yake. Alikuwa anasikiliza swali la pili.